Jina la Mama Yako kwa Herufi Nyeusi

Binti yangu Nyambura,

Amani ya Bwana ikae nawe. Kuhusu afya yangu sina la kukueleza, maana umeniona asubuhi hii nikiukataa uji wako. Umekwenda Kileleshwa kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomfahamu dada yangu, hatakuachilia kabla hujala mara mbili. Nyumba yetu hapa Woodley imenyamaza, nami nina nafasi ya kuandika bila kuharakishwa na mtu. Kesho unapanda ndege kwenda Ujerumani. Mambo ya sweta, pasipoti na namna ya kuushika mkoba kiwanjani shangazi yako atakwambia, kisha atakwambia tena. Mimi sitayagusa.

Mimi ninaijibu karatasi yako.

Uliiweka juu ya meza ukaikandamiza kwa kopo la sukari, hukusema neno. Juu yake ulikuwa umechora jina la mama yako, Esta Wairimu, kwa zile herufi nyeusi zenye ncha ambazo unajua siwezi kuzitazama bila kukunja uso. Chini yake uliandika kwa penseli: "Baba, nataka nikiondoka nijue kama jiwe la Mama litabadilishwa liandikwe hivi. Unakubali ama unakataa? Ukikataa nitaelewa." Binti yangu, tangu utoto wako hujawahi kuelewa ulipokataliwa jambo, wala sidhani utaanza sasa. Ndiyo maana nimechukua muda. Najua umeona kwamba karatasi haipo tena mezani. Nimekuona ukinitazama kana kwamba nimeichoma.

Sikuichoma. Lakini kabla ya jibu nataka ujue kinyaa changu kilitoka wapi, maana umekuwa ukidhani ni ukaidi wa mzee.

Sikuanza kwa kuzichukia herufi hizo. Nilizipenda. Katika shule ya misheni nilikosomea, ukurasa wa kwanza wa kitabu cha sala uliandikwa nazo. Kila mstari wa wima ulisimama mnene kama nguzo ya kanisa, mguu wake umekatwa mshazari kama kwato, na baina ya nguzo na nguzo palikuwa na nyuzi nyembamba za wino ambazo jicho la mtoto halikuweza kuzifuata. Ukurasa mzima ulionekana kama kitambaa kilichofumwa kwa weusi. Sikuweza kuzisoma vizuri, na kule kutozisoma ndiko kulikonifanya niziheshimu. Niliamini kwamba Mungu mwenyewe akitia sahihi, hutia kwa mwandiko ule.

Nilipopata kipaimara nilipewa cheti chenye herufi hizo hizo. Babu yako alikitia kwenye fremu akakipigilia juu kabisa, karibu na dari, kikiinamia chumba kidogo, kama tunavyotundika picha na vyeti mpaka leo. Hakuna mgeni aliyewahi kukisoma. Kila mgeni aliinua uso, akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe kijana amesoma." Mambo yakaishia hapo. Kwa hiyo nilijifunza mapema sana kuheshimu kitu nisichokisoma. Lilikuwa somo baya, nami nilikaa nalo miaka mingi. Na mbaya zaidi, nilipokuwa mwalimu wa dini nikalifundisha. Vyeti vyote vya ubatizo na vya kipaimara vilivyopita mikononi mwangu niliagiza viandikwe vivyo hivyo. Mchungaji mmoja aliwahi kuniuliza kama watu wanaweza kuvisoma. Nilimjibu kwamba cheti si gazeti. Nilidhani nimesema neno la hekima.

Kisha mama yako akafariki. Wewe ulikuwa kidato cha pili. Nilikwenda River Road kuchapisha kijitabu cha mazishi, katika duka dogo lililo juu ya wauza vifaa vya mabomba, kwa fundi wa kompyuta aliyeitwa Kamaa. Alinipa pole kwa adabu, akanipa na kiti.

"Sasa mzee, kwa jalada tuweke herufi gani?"

"Zipo zipi?"

Akanigeuzia kioo cha kompyuta, akazipitisha moja baada ya nyingine: za duara, za mlalo, zenye maua. Alipofika kwa zile nyeusi akasimama mwenyewe. "Hizi ndizo za heshima, mzee. Ndizo za vyeti. Mtu akiona hizi anaamini, hata kabla hajasoma."

"Weka hizo," nikasema.

Nyambura, sikusikia alichosema. Katika maneno yake yote nililisikia neno moja tu, heshima, nami siku ile nilikuwa tayari kuinunua heshima popote ilipouzwa. Jalada likatoka: Maisha ya Esta Wairimu. Mkia wa herufi "y" ulikuwa umekatika katikati, umebaki kinundu. Nikamwonyesha. "Hiyo ni hizo herufi zenyewe, mzee, ndivyo zilivyokuja," akasema. Nikalipa.

Kutoka hapo nikaenda kwa mchonga mawe. Nilimpa kijitabu nikamwambia nataka achonge jina kama lilivyo pale, ila kwa herufi kubwa tupu. Alinitazama.

"Zote kubwa, mzee?"

"Zote. Hilo ni jina la mke wangu."

"Zitabanana."

"Chonga."

Unajua tulivyo, sisi tuliolelewa na fomu za serikali. Jina la mtu wa maana linaandikwa kwa herufi kubwa, na ukiliandika kwa ndogo ni kama umemtoa mtu nje bila viatu. Nilitaka mama yako asimame kaburini amevaa kila kitu. Jiwe lilipowekwa kule shambani Waithaka, watu walilisifu. Jirani mmoja alisema limekaa kama la Ulaya. Shosho yako, mama mzazi wa mama yako, uliyepewa jina lake, alisogea karibu, akapitisha kidole chake taratibu juu ya ile michongo kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi mwanzo tena. Kisha akageuka akasema, "Jiwe zuri, Mwalimu." Nikaridhika. Niliridhika kwa miaka mingi.

Kilichonitoa katika usingizi ule unakijua nusu tu. Mwaka jana nilipokwenda kumtembelea shangazi yako, nilikuta saluni iliyokuwa chini ya gorofa lao imehama, na mahali pake pamefunguliwa kanisa. Bango lilikuwa jipya, lenye herufi nyeusi zilizopakwa dhahabu kandokando. Mlangoni alisimama bwana mwenye joho la zambarau, bado kijana.

"Karibu, baba. Karibu upokee."

"Nipokee nini?"

"Chochote unachokosa."

Akanipa kadi. Alikuwa Askofu Mkuu, alikuwa Nabii, alikuwa Daktari, vyote kwa herufi zile. Nikamuuliza kwa upole amesomea wapi, maana nami nimekaa madarasani na walimu wa dini na napenda kujua nani alimfundisha nani. Hakukasirika. Alinyoosha mkono kuelekea ndani. "Baba, cheti kiko hapo ukutani."

Kilikuwa karibu na dari. Nikaomba kiti. Akacheka akidhani nimechoka, akaniletea, nami nikakipanda. Nadhani hapakuwa na mtu aliyewahi kufanya hivyo katika chumba kile, maana wanawake waliokuwa wakipanga viti walisimama kunitazama. Nikakisoma cheti kile mstari kwa mstari, pua yangu ikigusa kioo. Neno la mwisho la shahada yake, kwa Kiingereza, lilimalizikia kwa herufi "y". Mkia wake ulikuwa umekatika katikati, umebaki kinundu.

Nilishuka nikiwa na ladha ya chuma mdomoni. Yule bwana alikuwa akitabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonichefua zaidi, tabasamu la mtu anayejua kwamba hakuna anayepanda kiti. Nilitoka nikatema mate katika maua ya wenyewe kando ya geti, jambo ambalo ningekupiga kwalo ulipokuwa mdogo. Herufi zilizombeba mama yako hadi kaburini zilikuwa zile zile zilizompa mwongo yule udaktari. Huenda ni kidole kile kile kilichobonyeza.

Tangu siku hiyo sikuweza tena kuzifumbia macho. Ziko kwenye mlango wa baa karibu na soko la Toi. Ziko kwenye chupa ya pombe kali, zimezunguka picha ya farasi. Ziko kwenye fulana zenye mafuvu ya vichwa, na kwenye shingo ya kijana mmoja aliyenihudumia benki, amejichanja nazo jina la msichana. Mganga anayerudisha wapenzi kwa simu amezitumia kwenye karatasi alizobandika kila nguzo ya Ngong Road. Kila asiye na kitu cha kusema huvaa joho lile akasimama nalo. Nikizitazama nahisi kama niliyekunywa kutoka kikombe kimoja na watu wote hao bila kujua.

Basi fikiria nilivyokuwa, jioni ile uliporudi ukirukaruka na habari kwamba mwalimu mmoja wa kuchonga herufi huko Ujerumani ameziona ulizochora, na kwamba amekuita. Nilifurahi kwa muda wa kumimina chai. Kisha ukanionyesha ulichochora.

Nilikosa adabu, nakubali. Nilisema umetumia macho mazuri uliyopewa na Mungu kuwashonea waongo nguo. Lakini nayakumbuka majibu yako, na nitayaandika hapa ili ujue kwamba nilikusikia, hata kama nilikuwa nikipiga meza.

"Baba, si ati nakudharau. Lakini hizi herufi hazijakukosea kitu."

"Zinawasaidia waongo."

"Hata Kiswahili kinawasaidia waongo. Sasa utakiacha?"

"Usinijibu hivyo. Ziko kwenye jiwe la mama yako!"

Ndipo uliposema lile jambo. Ulilisema kwa sauti ndogo, umetazama chini. "Kwa jiwe la Mama hakuna mtu amewahi kusoma kitu, Baba. Hata mimi. Najua ni jina lake kwa sababu najua ni kaburi lake, basi. Siku ile jiwe lilipowekwa, Shosho alinivuta kando akaniuliza, 'Hapa wamemwandika nani?'"

"Mbona hakuniambia?"

"Angekuambia aje, na wewe ni mkwe wake?"

Ni kweli, mama mkwe na mkwe wana umbali wao. Tunaulizana habari za mvua na mifugo, tunasifiana chai. Mama hamwambii mume wa marehemu bintiye, mbele ya kaburi bichi, kwamba jiwe lake halisemi kitu. Kwa hiyo alisifu, na kwa miaka yote hiyo kila alipokuja Waithaka alikaa kando ya jiwe lisilosomeka na akaninyamazia.

Ukachukua penseli. Ulidhani sikufuata, lakini nilifuata kila neno. Ulichora kwenye ukingo wa gazeti langu. Ulisema herufi hizi zilizaliwa mikononi mwa watawa walionakili vitabu kwa kalamu ya ncha pana, na kwamba walizibananisha ili ngozi ya kuandikia isiwaishie haraka. Hilo lilinishangaza, kwamba kitu kilichoanza kwa kubana matumizi kiligeuka kuwa nguo ya majivuno. Ukasema herufi ndogo zake zimeumbwa kusimama bega kwa bega kama waumini kwenye benchi, na ukiziandika kwa ukubwa wa kutosha, maneno machache tu, penye nafasi ya kupumua, jicho huzizoea upesi. Kisha ukasema, "Lakini herufi kubwa yake, Baba, ni kama askofu amevaa kila kitu: kofia, joho, fimbo, pete. Anatangulia mmoja, wengine wanafuata. Wewe uliweka maaskofu kumi na mmoja kwa mlango mmoja. Wakakanyagana."

Niliondoka mezani. Hukujua kwa nini, na ukadhani ni hasira. Ilikuwa ni kile kinyaa. Kwa muda mrefu nilikuwa nikikituma River Road na Kileleshwa, na jioni ile kilirudi nyumbani kikaketi kitini pangu. Yule bwana wa joho la zambarau alitaka kuaminiwa kabla ya kusomwa. Nami juu ya kaburi la mke wangu nilitaka nini?

Kesho yake niliikuta karatasi chini ya kopo la sukari.

Alhamisi, ulipokwenda mjini kuchukua viza, niliitia karatasi yako ndani ya Biblia ili isikunjike, nikaenda Uthiru kwa shosho yako. Nilimkuta ameketi mlangoni pake akichambua maharage ya njahi. Tukaulizana habari za mvua. Akanipa chai, nikaisifu. Kisha nikafanya jambo ambalo mkwe hafanyi: nikamwomba anisaidie. Nikasema, "Mama, nisomee hapa. Macho yangu yanasumbua."

Alinitazama akijua ninadanganya. Alifuta mikono kwenye leso, akavaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akaishika karatasi mbali, kisha karibu. Kidole kikaanza safari yake, kile kile kidole.

"Esta," akasema. Akapumzika. "Esta Wairimu."

Akalirudia, safari hii bila kidole, akiwa ameinua uso kuelekea shambani, kwa sauti ya mtu anayemwita bintiye aje kula. "Wairimu!" Nami nikatazama njahi.

"Nani ameandika?" akauliza baadaye.

"Mjukuu wako."

"Vizuri. Hizi si kama zile za jiwe."

"Ni zile zile, Mama."

"Sizo."

"Ndizo. Ni aina ile ile. Ameziweka ndogo, akaacha kubwa moja mbele ya kila jina."

Akaivua miwani. Nikaona kicheko kikimpanda kutoka tumboni, akakizuia kwa heshima, kikamshinda. "Kwa hivyo, Mwalimu, mwaka mzima huu umekuwa ukizitukana herufi za watu, na mwenye makosa alikuwa wewe?"

Hakuna mama mkwe aliyewahi kumwambia mkwe maneno hayo, katika ukoo wetu wala wao. Nikaona kwamba mlango umefunguka, nami nikapita. "Mama, siku ile mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefiwa," akasema. "Na jiwe lilikuwa zuri."

Hilo ndilo lililotokea, binti yangu. Sasa jibu langu.

Nimekubali. Mchonga mawe nimekwisha kuzungumza naye, ni yule yule, na nilipomwambia safari hii ni ndogo ndogo alisema "Asante Mungu" kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Jiwe la zamani tuliling'oa Jumamosi. Liko nyuma ya tangi la maji, uso chini. Upande huo halisomeki, kama lisivyosomeka upande ule mwingine.

Lakini usiende Ujerumani ukimwambia mtu kwamba baba yako amezipenda. Bado zinanichefua. Nikikutana nazo kwenye chupa au kwenye bango la nabii, nageuza uso vile vile, na naomba nisiache kuugeuza. Sikuombi uache kuzichora, maana nimeona zikifanya kazi njema mikononi mwa mwanamke mzee mwenye njahi mapajani. Ila watakuja kwako watu, hata huko, wenye adabu na wenye haraka, wakitaka uwafanyie zile za heshima. Waulize wanataka kusomwa au kuaminiwa. Mimi sikuulizwa, na hata ningeulizwa sijui kama ningesema kweli. Wewe uliza tu, kisha umtazame mtu usoni anapojibu. Mkono wako utajua.

Kile cheti changu cha kipaimara nimekiteremsha. Sasa kiko usawa wa macho, kando ya swichi ya taa, na usishtuke utakapoingia. Nilikisoma chote kwa mara ya kwanza. Hakina jambo lolote la ajabu. Kinasema nilikuwepo, na kwamba askofu aliniwekea mikono.

Limebaki moja, nalo ndilo la haraka. Nilipoaga kule Uthiru niliinyooshea mkono karatasi yako. Shosho akaibana kwapani. Nikamweleza kwamba fundi anaihitaji, kwamba hawezi kuchonga bila mfano. Akasema, "Mwenye mkono huo bado yuko Nairobi, si ndiyo? Achore nyingine." Akaibandika kwa ugali wa moto kwenye fremu ya mlango wake wa jikoni, chini, mahali anapofika akiwa ameketi kwenye kigoda. Nilimwacha pale akiisoma kwa sauti.

Kwa hiyo kabla hujafunga mizigo, keti mezani unichoree nyingine, kwa ukubwa ule ule. Wino nimekuwekea. Mimi nitakaa upande wa pili, na naahidi sitasema neno.

Baba yako, anayekutazama ukienda na bado hajaisamehe River Road.